Dhahabu ya Sekenke: Nani Athibitishe Sarafu Yetu?

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Wajerumani uligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Meli za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na sarafu kutoka Ulaya hazikufika. Tabora zikagongwa sarafu za heller 5 na 20, kisha sarafu ya dhahabu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitolewa 16,198 tu. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji.

Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke, Iramba. Kwa msomaji wa Ilongero, hiyo ni mali iliyochimbwa ndani ya mkoa wake. Sarafu inaitaja dola iliyoigonga. Haimtaji aliyeshuka shimoni.

Leo sarafu hizo huuzwa zaidi katika minada ya Ulaya na Marekani. Nyingi zimefungwa ndani ya makasha ya plastiki yenye lebo ya PCGS, iliyoanzishwa mwaka 1986, au NGC, iliyoanzishwa mwaka 1987. Kampuni hizi huchunguza uhalisi wa sarafu na kuipa daraja kati ya 1 na 70. Tofauti ya alama chache yaweza kubadili bei kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo ulaghai hupata nafasi.

Basi mtu anunue wapi? Kwa muuzaji anayekubali kuulizwa. Namba ya cheti ihakikiwe katika kumbukumbu za kampuni iliyotoa daraja, na picha zake zilinganishwe na sarafu iliyo mkononi, kwa kuwa hata makasha hughushiwa. Masharti ya kurejesha sarafu yawe katika maandishi. Katika mnada, ada ya mnunuzi, usafirishaji na ushuru vihesabiwe kabla ya kutaja bei. Zaidi ya yote, muuzaji aeleze sarafu ilipitia mikono ya nani. Daraja hupima hali ya chuma. Halithibitishi uhalali wa umiliki.

Swali hilo la mwisho ni la kitaifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa umri wa vitu vya kale vinavyohamishika. Sarafu ya 1916 haifikii mpaka huo kwa umri wake pekee. Hivyo kitu kilichozaliwa kwa jasho la Singida na karakana ya Tabora hutegemea hiari ya soko, na neno la mwisho kuhusu thamani yake hutamkwa ng'ambo.

Sidai kwamba wakusanyaji ni wezi, wala kwamba kampuni hizo hazina maana. Zimejenga uaminifu ambao wengine hawakuujenga. Lakini taifa lililotoa dhahabu laweza pia kujenga utaalamu wa kuitambua. Makumbusho, vyuo vikuu na Benki Kuu vina sababu ya kushirikiana: kuorodhesha sarafu za kihistoria zilizomo nchini, kufundisha wapimaji, na kupitia upya mpaka wa 1863. Hadi hapo, tutaendelea kuuza kitu kwa uzito wake na kukinunua tena kwa historia yake.