Nyonga ya Bandia, Plastiki ya Kiwanda cha Nguo na Hifadhidata ya Mosoriot

Leo tuziache seva zipumue kidogo. Rafiki yangu mmoja anayesomea upasuaji wa mifupa hapa Eldoret amekuwa akinisumbua nimtengenezee hifadhidata ya wagonjwa waliowekewa nyonga na magoti ya bandia. Nikamuuliza lile swali ambalo kila mtengeneza programu huuliza: unataka kuhifadhi nini hasa, na kwa nini? Akanijibu kwa historia, nami nikaifuatilia kwa siku kadhaa. Ni historia ya matoleo yaliyofeli, majaribio, na watu waliokataa kuandika kumbukumbu hadi ilipowauma. Kwa kifupi, ni historia ya kazi yetu, isipokuwa hapa toleo likifeli kuna mtu hawezi kutembea.

Tuanze na nyonga yenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja ni kama mpira, nao hukaa ndani ya kikombe kilichoko kwenye mfupa wa nyonga. Vyote viwili vimefunikwa gegedu laini. Gegedu ikiisha, au kichwa cha mfupa kikifa kwa kukosa damu, mifupa husagana na kila hatua inakuwa adhabu. Wazo la kuweka kiungo kingine ni la zamani. Huko Berlin mwaka 1890, Themistocles Gluck aliweka magoti ya bawaba yaliyochongwa kwa pembe za ndovu (miaka hiyo Zanzibar ndiyo ilikuwa soko kubwa la pembe katika pwani yetu), akiyashikiza kwa mchanganyiko wa plasta na utomvu wa mti. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo. Maambukizi yakarudi, pembe zikang'olewa. Kutokana naye, wanafunzi wa upasuaji hadi leo wanafundishwa kanuni ya kwanza: usiweke kitu kigeni ndani ya kiungo chenye usaha.

Nitaruka miaka mingi hapa, maana utamu uko kwa John Charnley.

Charnley alikuwa daktari wa mifupa aliyezaliwa Bury, Uingereza, mwaka 1911. Miaka ya 1950 alikutana na mgonjwa aliyekuwa amewekewa kichwa cha plastiki cha ndugu Judet wa Ufaransa. Nyonga ya mtu huyu ilikuwa inapiga kelele kila akiinama, kelele kiasi kwamba mkewe hakutaka kukaa naye chumba kimoja. Madaktari wengine wangecheka wakaendelea na kazi. Charnley alijiuliza: kelele ni ya nini? Ni msuguano. Na kama kuna msuguano mkubwa kiasi hicho, basi kila hatua inavuta kichwa kile na kukilegeza kwenye mfupa. Akaanza kupima msuguano wa viungo vya wanyama, na akaona kwamba kiungo cha asili huteleza kuliko barafu juu ya barafu.

Sasa sikilizeni alivyofikiri, kwa sababu hii ndiyo sehemu inayonifurahisha. Nguvu inayozungusha kikombe na kutaka kukilegeza hutegemea vitu viwili: msuguano wa vifaa vyenyewe, na umbali wa msuguano huo kutoka katikati ya mpira. Kwa hiyo ukipunguza ukubwa wa mpira, unapunguza nguvu hiyo hata kama hujabadilisha kifaa. Wenzake walikuwa wakitumia mipira mikubwa inayofanana na ya asili. Yeye mwishowe alifika kwenye mpira wa milimita 22.225, yaani inchi saba ya nane. Una hasara yake: mpira mdogo huchomoka kirahisi zaidi. Kila uamuzi katika kazi hii una bei, na daktari anayejifunza akidhani kuna uamuzi wa bure, nyonga itamfundisha.

Shina la chuma alilishikiza ndani ya mfupa wa paja kwa simenti ya akriliki, ile ya jamaa wa meno. Hapa pia kulikuwa na fikra mpya: simenti ile si gundi. Haikamati chuma wala mfupa. Inajaza nafasi, kama fundi mwashi anavyojaza mianya kati ya jiwe na jiwe, ili uzito usambae mahali pote badala ya kukaa kwenye ncha mbili tatu.

Kikombe ndicho kilichomtesa. Alichagua Teflon, ile iliyo kwenye sufuria zisizoshika chakula, kwa sababu msuguano wake ni mdogo sana. Kuanzia mwaka 1958 aliwawekea wagonjwa wapatao 300. Mwanzo ilikuwa ni miujiza, watu walitupa mikongojo. Kisha picha za eksirei zikaanza kuonyesha mpira ukizama ndani ya kikombe. Teflon ilikuwa inateleza vizuri lakini inalika haraka, na vumbi lake lilisababisha uvimbe na kula mfupa uliokuwa jirani. Ilipofika mwaka 1962 hakukuwa na ubishi tena. Charnley aliwapasua tena wagonjwa wake, yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiuza gia za plastiki kwa ajili ya mashine za viwanda vya nguo huko Lancashire. Plastiki ile ni polithini ya molekuli ndefu sana. Charnley aliitazama, akaikwaruza kwa kucha, akaiona haina maana. Lakini fundi wa karakana yake, Harry Craven, aliifunga kwenye mashine ya kupima ulikaji wakati bosi yuko safarini Copenhagen. Mashine ikazunguka usiku na mchana. Baada ya wiki tatu, plastiki ile ilikuwa haijalika hata kiasi ambacho Teflon ingelika kwa saa 24. Mashine ile ilikuwa tayari imejengwa, imekaa pale, inangoja kitu cha kupimwa. Bila hiyo, ile gia ingeishia kwenye pipa la taka.

Safari hii Charnley hakukimbilia wagonjwa. Alijidunga vipande vya Teflon na vya polithini kwenye paja lake mwenyewe, akangoja miezi kadhaa. Teflon ilimletea uvimbe, polithini ilikaa kimya. Novemba 1962 akaanza kuweka vikombe vipya katika hospitali ya Wrightington, na kwa miaka kadhaa alikataa vifaa vyake viuzwe kwa daktari ambaye hajaja kujifunza kwake. Pia aliwaomba wagonjwa wake waruhusu viungo vile vichunguzwe watakapofariki, na wengi walikubali. Alishambulia maambukizi vilevile: alijenga kibanda ndani ya chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa, madaktari wakavaa mavazi ya kufunika mwili mzima, na maambukizi yakashuka kutoka karibu wagonjwa 7 kwa kila 100 hadi chini ya 1.

Goti lilichelewa, na nadhani ni kwa sababu linaonekana rahisi. Ukilitazama unaona bawaba ya mlango. Wengi walitengeneza bawaba za chuma, nazo zikalegea, kwa sababu goti la kweli linakunja, linateleza na kujizungusha kwa wakati mmoja. Bawaba ikikataa kuzunguka, msokoto wote unaingia kwenye mfupa. Frank Gunston, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi na Charnley, alilitambua hilo na mwaka 1968 akaweka goti lisilo na bawaba: vyuma viwili vya duara juu ya njia mbili za plastiki, kano za mgonjwa zikiachwa zifanye kazi yake. Mwaka 1974 John Insall na wenzake huko New York wakatoa goti ambalo mengi ya leo ni watoto na wajukuu wake.

Kanuni ya goti ambayo rafiki yangu alinichorea kwenye karatasi ni hii. Daktari anakata mifupa ili kuwe na nafasi mbili zilizo sawa: moja goti likiwa limenyooka, nyingine likiwa limekunjwa. Ukikata zaidi mfupa wa muundi, umepanua nafasi zote mbili. Ukikata zaidi mwisho wa mfupa wa paja, umepanua ile ya kunyooka tu. Ukikata nyuma ya mfupa huohuo, ile ya kukunja tu. Kwa hiyo goti likibana pande zote mbili, unajua ukate wapi. Likibana upande mmoja, unajua usiguse wapi. Nilimwambia hii ni ramani ya utegemezi kama tunayochora kabla ya kugusa msimbo wa mtu mwingine. Akasema tofauti ni kwamba mfupa hauna kitufe cha kurudisha nyuma.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu. Sweden ilianza rejista ya magoti mwaka 1975 na ya nyonga mwaka 1979. Kila kiungo kinachowekwa kinaandikwa, na kila kinachobadilishwa kinaandikwa. Uingereza, nyumbani kwa Charnley, haikuwa na kitu kama hicho. Kuanzia mwaka 1991 nyonga ya bei nafuu iliyoitwa Capital iliwekwa kwa wagonjwa wapatao 4,700 kule. Ilikuwa inalegea mapema. Ilipoondolewa mwaka 1997, kazi ikawa kuwatafuta waliowekewa, hospitali kwa hospitali, faili kwa faili. Rejista ya taifa ilianza mwaka 2003. Mwaka 2007 rejista ya Australia ndiyo iliyoonyesha kwamba nyonga ya chuma kwa chuma iitwayo ASR ilikuwa ikifeli kuliko zingine. Hadi kampuni ya DePuy ilipoiondoa sokoni dunia nzima Agosti 2010, watu wapatao 93,000 walikuwa nayo mwilini.

Na sisi? Karibu na hapa kuna historia mbili zinazofaa kukutanishwa.

Ya kwanza ni ya Malawi. Mwaka 2005 madaktari wa huko walianzisha rejista ya taifa ya viungo bandia. Katika miaka yake mitatu ya kwanza iliandika nyonga 73 kwa wagonjwa 58. Ni namba ndogo, Sweden wanapita hapo kwa siku mbili tatu, lakini sababu zake ndizo za kutazama. Ulaya ugonjwa mkuu ni gegedu kuisha kwa uzee. Malawi sababu iliyoongoza ni kichwa cha mfupa kufa kwa kukosa damu. Jambo hilo huwapata vijana: wenye selimundu, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, walevi wa kupindukia, waliovunjika shingo ya paja kwenye ajali. Yeyote anayekaa Eldoret na kuona boda boda zetu saa kumi na mbili jioni anaelewa ninachosema.

Hesabu yake inatisha kidogo. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 kutokana na rejista za nje ulikadiria kwamba nyonga 58 kati ya 100 hudumu miaka 25, na magoti 82 kati ya 100. Mzee wa miaka 75 hana la kuhofia hapo. Kijana wa miaka 28 kutoka Kapsabet ana la kuhofia sana, kwa sababu atahitaji upasuaji wa kurudia, labda mara mbili, na kila mara mfupa uliobaki ni mchache. Tena namba hizo zimetoka kwa watu wasioishi kama yeye. Hawachuchumai chooni, hawapandi matatu, hawalimi mahindi. Nyonga yake itadumu miaka mingapi hapa? Jibu litatoka kwa kuhesabu hapa.

Historia ya pili ni yetu wenyewe. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, mwendo mfupi kutoka mjini, ilianza kutumika hifadhidata ya wagonjwa iliyojengwa kwa Microsoft Access, ikiendeshwa kwa tarakilishi mbili na betri za sola. Ilizaa mfumo wa AMPATH, ule ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani. Wagonjwa wa VVU walipoongezeka, Access ikazidiwa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich walipokuja Eldoret waliona kwamba kuongeza viraka hakutoshi, wakaanza kubuni OpenMRS, ambayo iliwashwa hapa Februari 2006 na sasa inatumika katika nchi nyingi.

Siri yake ni kamusi ya dhana. Badala ya kuwa na jedwali lenye safu ya kila swali, kila swali ni dhana iliyoandikwa kwenye kamusi, na kila jibu ni mstari mmoja: mgonjwa, dhana, thamani, tarehe. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya, unaongeza dhana, huvunji jedwali. Maana yake ni kwamba upande aliopasuliwa, aina ya kikombe, ukubwa wa mpira, namba ya toleo iliyo kwenye kibandiko cha kiungo, vyote vinaingia bila kubomoa kitu. Nilimwonyesha rafiki yangu kwa dakika chache tu.

Kilichotukwamisha ni kingine. Sweden kila mtu ana namba yake moja tangu mwaka 1947. Aliyepasuliwa Malmö akirudiwa Umeå, rejista inajua ni mtu yuleyule na kiungo kilekile. Mgonjwa wetu amepasuliwa Eldoret akiwa na umri wa miaka 16, bila kitambulisho, kwa namba ya faili ya hospitali na simu ya mjomba. Miaka tisa baadaye nyonga inalegea akiwa Nairobi, ana kitambulisho, jina la katikati limebadilika, simu ya mjomba haipo. Kwenye hifadhidata hao ni watu wawili: mmoja ambaye nyonga yake inaonekana nzima hadi leo, na mwingine aliyetokea tu na nyonga mbovu isiyojulikana ilikotoka. Kwa sasa tumekubaliana namba ya faili isiwe ufunguo mkuu wa mgonjwa, bali iwe mojawapo ya vitambulisho vyake vingi, na kwamba kibandiko cha kiungo kipigwe nakala mbili: moja ibaki hospitalini, nyingine aondoke nayo mgonjwa.