Upinde Usiokamilika: Matayarisho ya Windo la Mbuzi-Mwitu katika Milima ya Alps, Miaka 5300 Iliyopita

Mnamo tarehe 19 Septemba 1991, watalii wawili Wajerumani waliokuwa wakishuka kutoka kilele kimoja cha milima ya Ötztal, mpakani mwa Austria na Italia, waliona mwili wa mtu ukitokeza katika barafu iliyokuwa ikiyeyuka. Mahali penyewe paitwa Tisenjoch, napo pana mwinuko wa mita 3210. Walidhani ni mpanda milima wa siku hizi aliyepatwa na ajali. Siku chache baadaye Profesa Konrad Spindler wa Chuo Kikuu cha Innsbruck alilitazama shoka lililookotwa kando ya maiti, akasema kwamba mtu huyo alikuwa na umri wa miaka isiyopungua 4000 tangu afe. Vipimo vya kaboni vikaja kuongeza hesabu hiyo: aliishi baina ya mwaka 3350 na 3100 kabla ya Kristo. Mpaka ulipopimwa, ilionekana kwamba alikuwa amelala ndani ya ardhi ya Italia kwa mita zipatazo 92 tu. Ndiyo maana tangu 1998 anahifadhiwa katika makumbusho ya Bolzano. Magazeti yalimpa jina la Ötzi, nalo limemganda.

Juu ya mwili wake mengi yameandikwa, kuanzia meno hadi chale zake 61. Lakini mwanahistoria anayetaka kujua jinsi watu wa zama zile walivyojiandaa kumwinda mbuzi-mwitu kwa upinde katika majabali ya Alps hana budi kuuacha mwili kwanza, avitazame vitu. Silaha za uwindaji zilizosalia toka zama hizo ni chache, na zile zilizosalia pamoja na podo, upote, vifaa vya kutengenezea na nguo za mwenyewe ni chache zaidi. Tena hapa pana jambo la pekee: silaha hizi hazikuwa tayari. Silaha iliyokamilika huficha kazi iliyoizaa. Ile iliyoachwa katikati huonyesha kila hatua.

Upinde ulikutwa umesimama, umeegemezwa mwambani, kama mtu auwekavyo akitaraji kuuchukua tena baada ya muda mfupi. Walioufikia kwanza waliuvuta bila kujua thamani yake, ukavunjika. Kipande cha chini kilibaki katika barafu hadi kilipofukuliwa mwaka 1992. Urefu wake ni sentimeta 182, hali mwenyewe alikuwa na kimo cha sentimeta 160 hivi. Umechongwa katika mti ambao wataalamu wa mimea huuita Taxus baccata, mti ukuao polepole, wenye nyuzi zilizobanana, ambao Ulaya nzima iliutumia kwa pinde hadi zama za bunduki. Sifa yake ni kwamba moyo wa mti huo hustahimili kubanwa, na mbao changa za nje hustahimili kuvutwa. Alama za kuchonga zimeuenea kutoka ncha hadi ncha. Haukuwa umelainishwa, wala ncha zake hazikuwa na mapengo ya kufungia upote. Wapo waliodai kwamba ulikuwa umekwisha kutengenezwa, lakini wengi wa wachunguzi wanakubaliana kwamba ulikuwa ungali kazini.

Podo lake nalo lasimulia habari ileile. Mlikuwamo mawano 14 ya miti myembamba ya Viburnum lantana, kichaka chenye matawi yaliyonyooka yasiyovunjika upesi, kila moja likiwa na urefu wa sentimeta 84 hadi 87. Mawano 12 yalikuwa matupu: hayana chembe wala manyoya. Mishale miwili tu ndiyo iliyokuwa imekamilika, ikiwa na vigumba vya jiwe la gumegume na manyoya matatu matatu yaliyogandishwa kwa ulimbo mweusi wa mti wa betula, kisha yakazungushiwa uzi mwembamba. Na hiyo miwili ilikuwa imevunjika. Kwa ufupi, mtu huyu alikuwa juu ya mlima hana hata mshale mmoja wa kupiga.

Yafaa kusimama kidogo juu ya manyoya hayo matatu. Mshale hauhitaji manyoya ili upae. Wayahitaji ili usiyumbe na ili ncha ifike kwanza. Manyoya mawili yatosha kwa shabaha ya karibu. Kuweka matatu, kwa nafasi zinazolingana, kuyafunga uzi na kuyatia ulimbo ambao sharti upikwe kutokana na maganda ya mti bila ya kuungua, ni kazi ya mtu anayefikiria masafa. Majaribio yaliyofanywa kwa nakala za pinde za namna hii yameonyesha kwamba mnyama mkubwa aweza kuuawa akiwa umbali wa mita 30 hadi 50. Katika mwitu wa bondeni, ambako mti mmoja humficha mwindaji kutoka kwa mwenzake, umbali huo ni anasa. Katika majabali yasiyo na mti ni lazima, na hata hautoshi.

Hapo ndipo mnyama mwenyewe anapoingia katika habari hii. Mbuzi-mwitu wa Alps, Capra ibex, huishi juu ya mpaka wa miti. Dume lililokomaa laweza kufikia kilo 100, na pembe zake zilizopindwa kwa nyuma hukaribia mita moja. Kwato zake zina kingo ngumu za kushika mwamba na nyama laini katikati isiyoteleza. Akishtuka hakimbilii bondeni. Hupanda penye jabali lililosimama wima ambako mbwa wala mtu hamfuati. Macho yake huchunga zaidi upande wa chini, kwa maana ndiko adui wake wengi watokako. Kwa hiyo mwindaji wa upinde hulazimika kumzunguka usiku au alfajiri, apate kuwa juu yake kabla jua halijapasha mwamba moto. Hewa ya milimani hushuka usiku na kupanda mchana: aliye juu baada ya jua kuchomoza hupata upepo wa usoni, na harufu yake haimfikii mnyama. Aliye chini amekwisha kujitangaza. Tena kupiga kutoka juu kuelekea chini kuna hila yake, kwani mshale hupotea kimo kwa kadiri ya umbali wa ulalo tu, si wa mteremko, na asiyejua hilo huupitisha juu ya mgongo wa mnyama. Maarifa haya hayakuachwa katika barafu, lakini ni vigumu kudhani kwamba watu walioishi kando ya milima ile hawakuwa nayo.

Msomaji wa jarida la lugha huenda akauliza kama Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa vitu hivi vyote. Kinayo, ila yamesinzia. Mwanafunzi wa leo hulijua neno upinde hasa kwa ule wa mvua. Neno hilo limezaliwa na kitenzi kupinda. Jina lililo kongwe zaidi ni uta, wingi wake mata, nalo latoka katika shina la kale la Kibantu ambalo katika Kiluba lingali ni buta. Podo lina jina la pili, ziaka. Mti wa mshale ni wano, ncha yake ni chembe au kigumba, na ugwe wa upinde ni upote. Mtu anayeandika habari za Ötzi kwa Kiswahili hahitaji kukopa hata neno moja kwa ajili ya silaha zake. Ni majina ya miti ya Ulaya tu yanayomshinda.

Na upote ndio uliowachelewesha wataalamu kuliko vyote. Katika podo ulikutwa uzi uliokunjwa, wenye urefu wa mita mbili hivi. Kwa muda mrefu wengine walidhani ni wa nyuzi za miti, usiofaa kitu ila kufungia. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulithibitisha kwamba ulisokotwa kwa mishipa ya miguu ya wanyama, malighafi yenye nguvu na mnyumbuko unaohitajika kwa upote. Basi upote ulikuwapo tayari, ukingojea upinde. Mwenyewe aliuweka ndani ya podo la ngozi, na si bure: mshipa ukilowa hulegea.

Vilevile vifaa vya kunoa vilikuwapo. Mtu huyu alichukua kijiti cha mti chenye kipande cha pembe ya paa mkubwa kilichopachikwa nchani, kinachotumiwa kumegua ukingo wa gumegume hadi ukate tena. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kisu chake na vipande vyake vingine vilikuwa vimenolewa mara nyingi hata vikawa vifupi, na kwamba mawe yenyewe yalitoka katika machimbo mbalimbali ya kusini mwa milima, mengine yakiwa mbali kwa makumi ya kilomita. Hakuwa na jiwe la akiba la kufanyia vigumba 12. Alikuwa na mawano, ulimbo aliweza kuupika, manyoya yangepatikana. Alichopungukiwa ni jiwe. Kinyume chake, shoka lake lilikuwa la shaba, na shaba hiyo, kama ilivyothibitishwa mwaka 2017, ilitoka Tuscany, mamia ya kilomita kusini. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa kwamba shaba husafiri mbali kuliko wachimbaji wake.

Juu ya nguo yatosha maneno machache. Koti la vipande vya ngozi ya mbuzi na kondoo wa kufugwa, kofia ya dubu, viatu vilivyojazwa majani makavu: mavazi ya mtu anayejua kwamba juu kule baridi humuua mwindaji kabla ya jabali. Makaa yaliyofungwa katika majani mabichi, ndani ya chombo cha ganda la mti, yalimwezesha kubeba moto.

Sasa je, alikuwa akijiandaa kumwinda mbuzi-mwitu? Mwaka 1993 Spindler alichapisha kitabu ambamo alimwona kuwa mchungaji aliyekimbia ugomvi wa kijijini mwake akafa kwa uchovu wakati wa vuli. Wengine walimwita mwindaji. Kila mmoja alikuwa na vitu vilevile mbele yake. Kisha mwaka 2001 picha ya eksirei ikaonyesha kigumba cha gumegume ndani ya bega lake la kushoto: alipigwa mshale kutoka nyuma, ukakata mshipa mkubwa wa damu. Chavua za maua zilizokutwa tumboni zikasogeza kifo chake kutoka vuli hadi mwisho wa majira ya kuchipua au mwanzo wa kiangazi. Na hatimaye tumbo lake lenyewe, lililotambuliwa katika picha miaka mingi baada ya kuvumbuliwa kwake, likachunguzwa: mlo wake wa mwisho ulikuwa nyama na shahamu ya mbuzi-mwitu, nyama ya paa mkubwa na nafaka. Karibu nusu ya mabaki yale ilikuwa mafuta. Nyama haikuwa imepikwa kwa moto mkali, yaelekea ilikaushwa.

Ushahidi huo wa tumboni umewafanya baadhi ya waandishi wamtangaze mara moja kuwa mwindaji wa mbuzi-mwitu. Ni haraka mno. Nyama iliyokaushwa haisemi ni nani aliyempiga mnyama, wala lini. Mtu mwenye upinde usio na mapengo na mishale miwili iliyovunjika hakumuua mbuzi huyo kwa silaha hizi. Huenda alimuua kwa upinde wa kwanza, uliopotea au kuvunjika, na huu alikuwa akiuchonga badala yake. Huenda alipewa nyama. Linalokubalika bila shaka ni kwamba katika bonde lake mbuzi-mwitu walipatikana na kuliwa, na kwamba yeye alikuwa akitengeneza silaha inayofaa kazi hiyo. Lakini silaha hiyohiyo yafaa pia kwa mtu anayefuatwa.

Kuna jambo moja ambalo haliko katika podo wala tumboni. Mkono wake wa kulia ulikuwa na jeraha refu baina ya kidole gumba na cha shahada, lililopatikana siku kadhaa kabla ya kifo na kuanza kupona. Alikuwa mtu wa mkono wa kulia, kama vifaa vyake vilivyonolewa vinavyoonyesha. Kuchonga upinde wa mita 1.82 kwa shoka, huku kiganja kimepasuka hapo panaposhika mpini, si kazi ya siku mbili. Wanaojiuliza kwa nini mtu mzoefu mwenye umri wa miaka 45 hivi alipanda mlimani na silaha mbichi wangefaa kuanzia katika kiganja hicho kabla ya kuzungumzia uzembe au njaa.

Aliyempiga, yeye, alikuwa na upinde uliokamilika. Alikiacha kigumba mwilini, wano halikuonekana. Shoka la shaba, mali kubwa kwa wakati ule, halikuguswa.

Mbuzi-mwitu waliishi pamoja na pinde kwa maelfu ya miaka bila kwisha. Ni bunduki, pamoja na imani kwamba pembe na damu yao ni dawa, iliyowafikisha ukingoni: mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki wapatao mia moja katika majabali ya Gran Paradiso, ambako uwindaji ulikatazwa mwaka 1821, ardhi ikafanywa hifadhi ya mfalme Vittorio Emanuele II mwaka 1856, na hifadhi ya taifa mwaka 1922. Mbuzi-mwitu wote wanaopanda leo katika miamba ya Alps, pamoja na wale wa milima ya Ötztal, ni wa ukoo wa hao waliosalia. Upinde wa Tisenjoch uko Bolzano, nyuma ya kioo, alama za shoka zikionekana kutoka ncha hadi ncha.