ASKARI WA BUSIA NA TORORO



Kijana anapojipanga mbele ya ofisa anayeandikisha askari, huulizwa umri wake, elimu yake, afya yake na mahali alikozaliwa. Kwa wengi swali hilo la mwisho hujibiwa bila kufikiri. Lakini katika mji wa Busia, na katika vijiji vilivyoko kati ya mji huo na Tororo, jibu lake ndilo linaloamua kama kijana atakula kiapo cha utii kwa Kenya ama kwa Uganda, hali nyumba ya mjomba wake huenda iko ng'ambo ya barabara. Leo tutazungumzia historia ya kazi hiyo ya uaskari katika sehemu hizo.

Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902, mpaka huo haukuwapo. Jimbo la Mashariki la Uganda, ambalo lilifika Kisumu na Naivasha, lilitawaliwa kutoka Entebbe. Siku hiyo Waingereza walilihamishia upande wa pili, katika himaya ambayo mwaka 1920 ilikuja kuitwa Koloni ya Kenya, kwa kuwa walitaka reli yao yote iwe chini ya utawala mmoja. Mwaka 1926 amri nyingine ikaueleza mstari wenyewe, unaofuata mto Sio, mto Malaba na mto Lwakhakha mpaka mlima Elgon. Wasamia, mafundi mashuhuri wa kufua majembe na mikuki, wakajikuta wako nchi mbili. Wateso nao vivyo hivyo. Hakuna mzee aliyeitwa kutoa shauri.

Askari wa kwanza wa serikali waliofika huko hawakuwa wenyeji. Walikuwa Wasudani wa jeshi la Uganda Rifles, lililoundwa mwaka 1895, na wapiganaji wa Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda aliyejenga ngome Budaka na kisha Mbale. Wasudani hao waliasi mwaka 1897. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizo na mwisho, kwa mshahara mdogo tena uliocheleweshwa, na waliposhika ngome ya Luba katika Busoga iliwagharimu Waingereza miezi mingi na damu nyingi kuwatiisha. Tarehe 1 Januari 1902 mabaki ya jeshi hilo yakaingizwa katika King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Wasudani walituachia pia neno moja ambalo kila mmoja wenu hulitamka mara nyingi kwa siku: afande. Asili yake ni Kituruki, nalo lilipitia Misri na Sudan kabla ya kufika kwenye gwaride letu.

Baadaye ndipo wenyeji walipoanza kuandikishwa. Polisi ya Uganda iliundwa mwaka 1906. Upande wa Kenya, machifu walipewa askari wao, ambao sheria ya mwaka 1929 iliwaita polisi wa kikabila, na mwaka 1958 wakageuzwa kuwa Polisi wa Utawala. Kwa nini kijana aliacha shamba la baba yake akaenda kupigishwa kwata? Yako majibu ya kishujaa, lakini jibu la kweli ni kodi ya kibanda. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa pamba, kwa kibarua cha mbali, au kwa sare. Sare ilileta mshahara wa kila mwezi, chakula na heshima fulani kijijini, ingawa ilikuwa heshima iliyochanganyika na hofu, kwa maana askari huyo huyo ndiye aliyetumwa kuwakamata wasiolipa kodi.

Wakoloni walikuwa na nadharia yao ya makabila ya vita. Walipima urefu na kifua, wakawapendelea watu wa kaskazini kwa jeshi, na Wateso wengi wakaingia polisi. Nadharia hiyo haikuwa na msingi wa elimu, lakini madhara yake yaliendelea kuisumbua Uganda muda mrefu baada ya bendera kubadilishwa. Keya walipigana Madagascar mwaka 1942 na Burma mwaka 1944, na waliporudi hawakupandishwa kuwa maofisa. Hadi mwaka 1961 ndipo Waganda wa kwanza, kwa maana ya wananchi wa Uganda, walipopewa kamisheni: Shaban Opolot, ambaye ni Mteso, na Idi Amin. Opolot akapanda hadi kuwa mkuu wa jeshi, kisha mwaka 1966 akawekwa kizuizini. Habari za yule wa pili mnazijua.

Mwezi Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, akitumia hoja ya ule mpaka wa kabla ya 1902. Rais Kenyatta akajibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja. Hebu mfikirie konstebo Msamia aliyekuwa zamu Busia siku zile, akiitazama bunduki ya Msamia mwenziwe. Mwezi Machi 1979 Tororo yenyewe iliwaka moto, wakati waasi waliovuka kutoka Kenya walipoungana na askari wa kambi ya huko waliomgeuka Amin. Waliushika mji kwa muda mfupi tu, kisha wakafukuzwa. Katika kambi moja, waliokula mlo mmoja asubuhi walipigana jioni.

Hata baada ya Amin hali haikutulia moja kwa moja. Mwezi Desemba 1987 askari wa Kenya na wa Uganda walipigana kwa risasi pale Busia kwa siku kadhaa, na watu wakafa. Tarehe 28 mwezi huo Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba, mwendo mfupi kutoka Tororo, wakakubaliana kuyarudisha majeshi nyuma. Kwa maoni yangu, mkutano huo ungalifaa kufundishwa katika vyuo vya askari sawasawa na vita vyovyote, kwa sababu kurudi nyuma kwa amri bila vurugu ni kazi ngumu kuliko kusonga mbele, na aliyeitekeleza ni koplo na watu wake.

Tarehe 24 Februari 2018, Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia. Msafiri sasa husimama mara moja tu, upande anaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili humhudumia chini ya paa moja. Malori bado hupanga foleni ndefu. Askari wa zamu, mwenye bendera hii begani au ile, bado huitwa afande.