DNS badilifu

DNS badilifu ni utaratibu wa kulioanisha jina la kikoa na anwani ya IP inayobadilika, kama ile ambayo mtoa huduma wa intaneti huipa ruta ya nyumbani. Itifaki ya kusasisha rekodi za DNS, RFC 2136, ilitolewa mwaka 1997, ingawa ruta nyingi hutuma taarifa ya anwani mpya kwa njia ya HTTP. Mifumo ya ukuta-moto kama pfSense na OPNsense inaweza kufanya kazi hiyo.

Jina likishindwa kufuata anwani mpya, kwanza itazamwe anwani ya ruta upande wa nje. Ikianza na 192.168 au 10, kuna kifaa kingine mbele yake kinachobadilisha anwani. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, eneo lililotengwa mwaka 2012, mteja anatumia anwani moja ya umma pamoja na wengine. Hapo jina laweza kusasishwa sawasawa na bado nyumba isifikike kutoka nje kwa IPv4. Ni bure kabisa kuhangaika na nywila. Aombe anwani ya umma, au atumie IPv6.

Kumbukumbu za ruta hueleza mengine. Jibu «badauth» kutoka kwa huduma ya DNS badilifu huonyesha kuwa jina la mtumiaji au nywila imekataliwa. «Nochg», kwamba anwani haijabadilika, na kulirudiarudia ombi hilo kwaweza kuifanya huduma imfungie mtumiaji. Anwani za zamani pia hubaki katika seva nyingine za DNS hadi muda wake wa kuhifadhiwa uishe.