Unyayo

Kiswahili hakikuhangaika: chini ya mguu ni unyayo, na alama inayoachwa chini ni unyayo vilevile. Laetoli, karibu na Ngorongoro, imesalia maana ya pili tu. Mwaka 1978 kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilifukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Hakuna mfupa wa mguu uliokutwa njiani humo, lakini alama zinasema: kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na vingine, hakikutanuka kando kama cha sokwe ashikaye tawi. Walioziacha walitembea wima. Ukienda leo huzioni; zimefukiwa tena zisiharibike.