Mfalme Anayechukua na Nabii Asiyechukua: Tusome Pamoja Vitabu vya Samweli

Katika miaka ya namba shufwa, mara baada ya Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Mama Kanisa hutupatia katika Misa za siku za juma masomo kutoka vitabu viwili vya Samweli, kwa karibu majuma manne mfululizo. Hapa Endasak majuma hayo huangukia msimu wa kazi za shamba, na si wote tunaoweza kufika Misa ya asubuhi. Habari za Hana, Samweli, Sauli na Daudi hutufikia vipande vipande: leo tumesikia juu ya mtoto aliyeitwa usiku hekaluni, juma lijalo tunamkuta mfalme amekwisha kukataliwa. Makala hii inakusudia kuviunganisha vipande hivyo, ili Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziweze kuvisoma vitabu hivi kwa utaratibu na kwa faida ya roho.

Vitabu vya wafalme chini ya jina la manabii

Wayahudi hugawa Maandiko yao katika sehemu tatu: Torati, Manabii na Maandiko mengine. Katika mgawanyo huo, vitabu vya Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme havihesabiwi kuwa vitabu vya historia kama tulivyozoea katika Biblia zetu. Huitwa Manabii wa Kwanza, navyo hutangulia Isaya, Yeremia na wenzao. Samweli kilikuwa kitabu kimoja. Waliokigawa ni wafasiri waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki, nao walikiunganisha na Wafalme wakapata vitabu vinne vya Falme.

Kwa nini habari za wafalme ziitwe kwa jina la manabii? Kwa sababu aliyezisimulia alisimama upande wa nabii. Wafalme wa mataifa ya kale walichonga mawe ya kujisifu. Mojawapo, lililopatikana Tel Dan kaskazini mwa Israeli mwaka 1993, lina maneno "nyumba ya Daudi", nalo ni la karne ya 9 kabla ya Kristo. Mfalme wa kigeni alilisimamisha ili kutangaza ushindi wake. Kitabu cha Samweli kina desturi nyingine kabisa. Kinampenda Daudi, lakini hakifichi uzinzi wake wala damu aliyoimwaga. Katika Israeli mfalme hakuwa na neno la mwisho juu ya matendo yake mwenyewe.

Neno lenyewe "nabii" tumelipokea katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania lenye maana hiyo hiyo. Mwandishi anatueleza kwamba zamani mtu wa namba hiyo ya utume aliitwa mwonaji (1Sam 9:9).

Taifa lisilo na mfalme

Tuko katika karne ya 11 kabla ya Kristo. Israeli ni makabila yenye wazee wao, na panapotokea hatari Mungu huwainulia mwamuzi. Hawana ikulu wala jeshi la kudumu. Sisi wa Mbulu na Hanang hatuhitaji maelezo marefu ili kuielewa hali hiyo. Wairaqw waliishi bila mfalme. Mambo mazito yalizungumzwa na wazee katika mkutano hadi wapatane. Mamlaka ya machifu wa wilaya yaliimarishwa na serikali za kikoloni, nayo yaliondolewa kisheria na serikali ya Tanganyika mwaka 1963. Kwa hiyo tunaposoma kwamba wazee wote wa Israeli walikusanyika wakamwendea Samweli huko Rama (1Sam 8:4), tunaweza kuwaona kwa macho ya akili wakiwa wameketi, mmoja akisema kwa niaba ya wengine.

Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Samweli alikuwa amezeeka, na wanawe aliowaweka kuwa waamuzi walikuwa wakila rushwa. Wafilisti waliwaonea: walihodhi kazi ya uhunzi, hata Mwisraeli akitaka kunoa shoka au jembe lake ilimbidi ashuke kwao na kulipa (1Sam 13:19-21). Mkulima yeyote anajua maana ya kumtegemea adui kwa makali ya jembe. Wazee waliomba mfalme wa kuwahukumu na kuwatangulia vitani, kama walivyokuwa nao mataifa mengine.

Ombi hilo lilimchukiza Samweli. Mungu akamfunulia kwamba aliyekataliwa hasa ni Yeye, Mfalme wao wa kweli. Hata hivyo akamwamuru awasikilize, ila kwanza awaonye. Kitabu kinaziacha sauti mbili zisikike kando kando. Katika sura ya 8 na ya 12 ufalme unatajwa kwa hofu. Katika sura ya 9 na ya 11 ni msaada wa Mungu kwa watu wanaoonewa. Tusiharakishe kuinyamazisha mojawapo. Uongozi ni zawadi inayoweza kuharibika, na Maandiko yanatuambia yote mawili.

Neno moja la kufuatilia: kuchukua

Tunawaalika wasomaji washike neno moja na kulifuata tangu mwanzo hadi mwisho: neno "kuchukua". Katika Kiebrania ni kitenzi kimoja kinachorudi rudi, na anayekifuata ataiona njia nzima ya vitabu hivi.

Kinaanzia hekaluni. Huko Shilo, watoto wa kuhani Eli waliwatuma watumishi wao kwa waliokuja kutoa sadaka, nao wakatishia kuchukua nyama kwa nguvu (1Sam 2:16). Kisha wana wa Samweli wanachukua rushwa (1Sam 8:3). Linafuata onyo la Samweli juu ya mfalme, na humo kitenzi hiki kinarudi mara nne: atachukua wana wa kiume kwa magari yake ya vita, atachukua mabinti kwa kazi za jikoni kwake, atachukua mashamba yaliyo mazuri, atachukua watumishi na punda (1Sam 8:11-17). Juu ya hayo atatoza sehemu ya kumi ya nafaka na ya mifugo.

Onyo hilo halikukoma na Israeli ya kale. Katika wilaya yetu, miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma yalienea katika nyanda za Basotu, kwenye ardhi waliyoichungia Wabarbaig, na madai yao yalifika mahakamani. Nia ya kulilisha taifa ilikuwa njema. Hata hivyo waliopoteza malisho waliona shamba lao limechukuliwa. Neno la Mungu linatudai tuyatazame mambo ya namna hiyo pia kutoka upande wa aliyechukuliwa.

Nabii anayelisha

Habari ya Sauli inaanza na punda waliopotea. Baba yake, Kishi, anamtuma pamoja na mtumishi kuwatafuta, nao wanazunguka vilima bila kuwapata. Mtumishi anashauri wamwendee mtu wa Mungu. Sauli anaona aibu kwa sababu hawana kitu cha kumpelekea. Mtumishi anayo robo ya shekeli ya fedha (1Sam 9:7-8). Wanapofika, Samweli anawaketisha mahali pa heshima, anawapa nyama aliyowawekea, na kuwaarifu kwamba punda wamekwisha kuonekana. Kitabu hakisemi kwamba ile robo ya shekeli ilitolewa. Mgeni aliyekuja akidhani atalipa ndiye aliyelishwa.

Katika sura ya 12 Samweli, akiwa na mvi, anasimama mbele ya taifa zima na kuomba ashitakiwe. Anauliza amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani, na kutoka mkononi mwa nani amepokea rushwa ili afumbe macho. Watu wote wanajibu kwamba hakuchukua kitu kwa mtu yeyote. Kisha anawaambia kwamba kuacha kuwaombea kungekuwa dhambi kwake (1Sam 12:23), ingawa ndio waliomweka kando.

Leo tunasikia mengi kuhusu watu wanaojiita manabii, wanaouza mafuta na maji na kuahidi utajiri. Hatuna haja ya kubishana nao kwa makelele. Tumwoneshe muumini sura hii ya 12, ajiulize: huyu anayejiita nabii anaweza kusimama mbele ya watu na kuuliza swali la Samweli?

Sauli na Daudi mbele ya neno

Tumtendee Sauli haki. Alianza vizuri: aliwaokoa watu wa Yabeshi-Gileadi, na siku ile ya ushindi alikataa waliomdharau wasiuawe (1Sam 11:12-13). Watu wa Yabeshi hawakumsahau. Ndio waliokwenda usiku kuuchukua mwili wake alipokufa (1Sam 31:11-13). Jina lake lina maana ya "aliyeombwa", naye kweli aliombwa na watu. Kilichomwangusha ni kuwaogopa watu hao kuliko Mungu. Baada ya vita na Waamaleki aliacha kondoo na ng'ombe walionona wabaki hai kinyume cha agizo. Alipojitetea kwamba ametii, Samweli aliuliza mlio wa kondoo anaousikia ni wa nini. Sauli akasema ni watu waliowachukua, tena kwa ajili ya sadaka (1Sam 15:14-21). Nabii akamjibu kwamba utii ni bora kuliko dhabihu. Sauli alikiri, lakini akaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Samweli alimlilia Bwana usiku kucha kwa ajili yake, na baadaye akaendelea kumwombolezea. Nabii wa kweli anapomkemea mtu, humlilia pia.

Daudi naye hakupona jaribu la kuchukua. Mungu ndiye aliyemchukua yeye kutoka nyuma ya kondoo ili aliongoze taifa (2Sam 7:8). Mtu huyu aliyepewa kila kitu akatuma watu wamchukue Bathsheba, mke wa Uria, na mwisho akapanga Uria afe vitani (2Sam 11). Nathani alipomjia hakuanza na mashtaka. Alimletea mfalme kesi: tajiri mwenye mifugo mingi alipopata mgeni alichukua kondoo mmoja wa maskini, mwanakondoo aliyelelewa nyumbani kama binti. Daudi, aliyekuwa mchungaji, aliwaka hasira. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Daudi hakutafuta kisingizio. Alisema amemkosea Bwana, na mapokeo yameiweka Zaburi ya 51 kinywani mwake kwa saa hiyo. Alisamehewa, ingawa nyumba yake haikukwepa matokeo ya dhambi. Tofauti yake na Sauli haikuwa uzito wa kosa, maana kosa la Daudi lilikuwa la kutisha. Daudi alilipokea neno lililomhukumu.

Sisi tuliopakwa mafuta

Sauli na Daudi walipakwa mafuta, na kutokana na neno hilo la Kiebrania tumepata jina Masiha, yaani Mpakwa mafuta. Katika Ubatizo sisi nasi tulipakwa Krisma takatifu, tukashirikishwa ukuhani, unabii na ufalme wa Kristo. Kwa hiyo vitabu hivi haviwahusu wakubwa wa nchi peke yao. Mweka hazina wa Jumuiya ana ufalme mdogo mkononi mwake. Kaka mkubwa anayegawa shamba la marehemu baba, huku mjane na dada zake wakisubiri neno lake, ana ufalme. Mwenye mifugo mingi anayepakana na jirani mwenye mbuzi wawili ana ufalme. Na kila mmoja wetu huitwa wakati fulani kuwa Nathani kwa mwenzake, kwa hekima na bila kumwaibisha.

Kristo, Mwana wa Daudi, ndiye mfalme ambaye onyo la Samweli halimgusi. Alikuja kutumikia na kuutoa uhai wake kwa ajili ya wengi (Mk 10:45). Kila tunapokwenda Misa tunakutana na Mfalme anayejitoa awe chakula.

Utaratibu wa kusoma katika Jumuiya

Tunapendekeza mikutano sita. Kila mara somo lisomwe polepole mara mbili, ukimya ufuate, kisha swali liulizwe: nani anachukua hapa, na nani anatoa?

1. 1Sam 1–3: Hana anamtoa mwanawe, watoto wa Eli wanachukua, Samweli anaitwa.
2. 1Sam 8: wazee wanaomba mfalme.
3. 1Sam 9–12: Sauli anapakwa mafuta, Samweli anatoa hesabu ya utumishi wake.
4. 1Sam 15–16: Sauli anakataliwa, Daudi anachaguliwa.
5. 2Sam 7: ahadi ya Mungu kwa nyumba ya Daudi.
6. 2Sam 11–12 pamoja na Zaburi 51: Daudi na Nathani.

Ingefaa mkutano wa mwisho utangulie siku ya Kitubio. Na kabla ya kuagana, kila mmoja ajiulize kimya kimya swali la yule mzee wa Rama: nimechukua punda wa nani? Aliye na cha kurudisha akirudishe kabla ya Dominika.