Ilimba ya Ugogo na Mzee Hukwe Zawose

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya ilimba, chombo cha muziki cha Wagogo, na juu ya mtu mmoja aliyekipiga tangu utoto wake hata kufa kwake.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na nyumba yangu ipo Ipagala, hapa Dodoma. Jioni, kazi ya kusahihisha madaftari ikiisha, huketi barazani nikapiga ilimba. Siku moja jirani yangu aliniuliza, "Mwalimu, kitu hicho chakupa nini?" Sikuwa na jawabu tayari. Nilimwambia avute kigoda, nikamsimulia habari hizi.

Ilimba ni kisanduku cha mti kilicho wazi ndani, na juu yake vimepangwa vibamba vyembamba vya chuma, virefu kwa vifupi. Mpigaji hukishika kwa mikono miwili, akavibonyeza na kuviachia kwa vidole gumba. Chuma chake hakina shida kupatikana: msumari mkubwa uliofuliwa hata ukawa bapa wafaa, na ufito wa mwavuli mbovu wafaa pia. Katika tundu la kisanduku fundi hubandika utando wa buibui, ule mweupe anaofunikia mayai yake, nao ndio unaoleta mvumo. Mgeni akiusikia hudhani chombo kimepasuka. Kwa Mgogo, ilimba isiyovuma haijakwisha kutengenezwa.

Ama sauti zake, wataalamu walioupima muziki wetu waliona kwamba zafuata zile sauti ndogo ndogo ambazo uzi mmoja huzitoa wenyewe ukigongwa. Kinanda cha kanisani hakiwezi kuzifuata sawasawa. Watu wetu wakiimba wengi pamoja, kila mmoja kwa njia yake, sauti zao hukubaliana bila kuandikiwa.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa karibu na mwaka 1940 katika kijiji cha Doduma, katika nchi hii hii ya Dodoma. Alikuwa mtoto wa mfugaji, naye alichunga ng'ombe. Baba yake alikuwa mpigaji muziki, na mtoto alijifunza kwa kumtazama. Miaka ya 1960, baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitaka ngoma na nyimbo za makabila zipewe heshima, na habari za kijana huyu zilimfikia. Hukwe akaitwa Dar es Salaam, akaingia katika kikundi cha taifa. Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa waliofundisha huko.

Hakuridhika na vyombo kama alivyovikuta. Zeze la Kigogo, lenye kibuyu na upote, lilizoeleka kuwa na nyuzi chache; yeye aliziongeza. Ilimba zake zilikuwa kubwa, zenye vibamba vingi kupita vya wazee wake. Mwaka 1996 sahani yake iitwayo Chibite ilitolewa Uingereza, na mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoitengeneza pamoja na Michael Brook wa Kanada. Alikufa Bagamoyo Desemba 2003. Mchunga ng'ombe wa Doduma alikuwa amepiga ilimba mbele ya watu wa Ulaya, na alipofika huko hakuubadili mvumo wa buibui ili uwapendeze.

Hapo nilinyamaza kidogo, maana nilikumbuka jambo langu. Nilipokuwa darasa la nne nilikwenda shule na ilimba ya babu yangu mfukoni. Mwalimu mmoja aliichukua, akasema ni kitu cha kishenzi, akaitia motoni jikoni kwa mpishi. Babu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ililia ilipoungua. Kwa miaka ishirini sikugusa nyingine, na babu alipokufa alikwenda na nyimbo ambazo sasa hakuna nyumbani kwetu azijuaye. Mimi nami ni mwalimu, na kila mwaka natoa walimu wapya.

Jirani akauliza kama ilimba ni ya wanaume peke yao. Nilimjibu kwamba katika Ugogo wanawake ndio wapigao ngoma za muheme, wakizibana kwa mapaja. Lakini zeze na ilimba desturi iliwapa wanaume. Hata hivyo Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, baada ya miaka mingi ya kuitikia nyuma ya wanaume, walisimama mbele wenyewe, na mwaka 2024 wakatoa sahani yao iitwayo Maisha. Binti yangu aliyekuwa mlangoni alisikia neno hilo. Tangu siku hiyo ilimba haikai msumarini inapotundikwa.

Jioni ya pili yake jirani alirudi na mwavuli wake uliovunjika, akataka kujua kama fito zake zafaa.